Mtoto Lazima Arudi: Kazi ya Fiziotherapia katika Kliniki ya Watoto ya Wagonjwa wa Nje

Hotuba kwa wanafunzi na wataalamu wa fiziotherapia katika kuadhimisha Siku ya Fiziotherapia Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wataalamu wenzangu, wazazi mliokubali kuacha shughuli zenu ili mkae nasi, na ninyi wanafunzi mnaokaribia kuhitimu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tarehe 8 Septemba ndiyo siku ambayo shirikisho la kimataifa la wanataaluma wetu liliundwa mwaka 1951, na kwa sababu hiyo tunakutana leo. Nimeombwa nizungumzie kazi yangu, yaani kazi ya mtaalamu mwandamizi wa fiziotherapia ya watoto katika idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Ningeweza kuzungumzia mbinu, lakini mbinu mmefundishwa, na walimu wenu wapo hapa. Nimechagua jambo moja ambalo halipati nafasi kubwa kwenye mtaala ingawa ndilo linaloamua kama mbinu hizo zitamfaa mtoto au la, nalo ni jambo la kurudi.

Mtoto aliyelazwa wodini yuko mikononi mwetu usiku na mchana. Tukikosea kumlaza vizuri leo, muuguzi atatuambia kesho asubuhi. Mtoto wa kliniki ya nje tunakaa naye nusu saa, au zaidi kidogo siku isiyokuwa na msongamano, kisha mama yake anamfunga mgongoni kwa kanga na kuondoka naye, na hatutamwona tena mpaka wiki ijayo au mwezi ujao. Magonjwa tunayoyatibu katika kliniki hii, karibu yote, hayaishi kwa ziara moja wala kumi. Yanakwenda pamoja na ukuaji wa mtoto, na ukuaji ni miaka. Kwa hiyo mtoto akikatika njiani, kila tulichokifanya kinaanza kurudi nyuma, na mara nyingi hatujui kwamba kinarudi nyuma kwa sababu hatumwoni. Katika miaka yangu ya kazi, hasara kubwa niliyoiona haikutokana na uhaba wa ujuzi wala wa vifaa, ijapokuwa vifaa ni vichache kweli. Imetokana na watoto waliokuja mara mbili au tatu kisha wakapotea.

Niseme kwa ufupi wanaokuja ni akina nani. Walimu wetu walijifunza kazi hii kwa watoto wa polio, waliofundishwa kutembea kwa magongo na vyuma vya miguu. Mtoto wa mwisho kupooza kwa virusi vya asili vya polio hapa Tanzania alipatikana mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 ukanda wote wa Afrika wa Shirika la Afya Duniani ulithibitishwa kuwa umeondokana na virusi hivyo vya asili. Chanjo imetuondolea wagonjwa hao, na ni furaha kubwa, lakini mabenchi hayakubaki matupu. Leo wanaotujaa ni watoto wenye mtindio wa ubongo, watoto waliozaliwa na mguu kifundo, watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, wachanga ambao mkono mmoja umelegea tangu siku ya kuzaliwa, na wengine walioungua kwa chai au uji wa moto ambao kovu linavuta kiwiko au vidole kadiri wanavyokua. Wapo pia wenye matege. Kwenye vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, ambako maji ya kunywa yana madini ya floraidi kupita kiasi na magadi ya kulainishia makande na maharage huyaongeza, utakutana na mtoto mwenye meno ya kahawia na miguu iliyopinda, na ni lazima ujue kwamba hakuna zoezi linalonyoosha mfupa wa namna hiyo. Kazi yako hapo ni kumtambua, kumpeleka kwa daktari wa mifupa, na kuuliza maji ya nyumbani kwao yanatoka wapi. Wapo, mwisho, watoto wanaoburuta unyayo mmoja baada ya kuchomwa sindano ya matako iliyogusa neva kubwa ya mguu. Enzi za sindano za kwinini tuliwaona wengi zaidi. Sindano ya mtoto mdogo ichomwe kwenye paja, upande wa mbele wa nje, na nawaombeni mlisemee jambo hili popote mtakapopangwa kazi.

Naanza na mguu kifundo, kwa kuwa hakuna ugonjwa unaoonyesha thamani ya kurudi waziwazi kuliko huu.

Takribani mtoto mmoja kati ya kila 1,000 huzaliwa akiwa na unyayo uliogeuka ndani na kuelekea chini. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na kwa nusu ya watoto hawa ni miguu yote miwili. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca nchini Hispania aliyefanya kazi kwa miongo mingi huko Iowa, Marekani, alionyesha tangu katikati ya karne iliyopita kwamba miguu hii inanyooshwa kwa mikono na plasta gumu, lile ambalo wengi huliita hogo, bila upasuaji mkubwa. Dunia ilichelewa sana kumsikiliza; ni kuanzia miaka ya 1990 ndipo njia yake ilipoenea. Hapa kwetu Afrika, Uganda na Malawi zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuthibitisha kwamba njia hiyo inafanywa vizuri na matabibu na wataalamu wasio madaktari bingwa, ilimradi wamefunzwa na wana nidhamu. Hilo ndilo lililotufungulia mlango sisi.

Mnajua utaratibu wake. Kila wiki unaunyoosha mguu polepole kwa kidole gumba kilichowekwa mahali pake, unafunga plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya paja goti likiwa limekunjwa, na wiki inayofuata unalitoa na kuendelea pale ulipoishia. Baada ya plasta tano hadi saba hivi unyayo umefunguka, na kwa watoto walio wengi kinachobaki ni kisigino kilichokazwa, ambacho daktari hukiachia kwa kukata kano yake kwa kitobo kidogo, kisha plasta la mwisho hukaa wiki tatu. Siku linapotolewa, mguu ni mzuri mno. Mama analia kwa furaha, bibi anapiga vigelegele, na kila mtu pale kliniki anapiga picha.

Siku hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Mguu ulionyooka bado unataka kurudi ulikotoka, na kinachouzuia ni viatu vilivyounganishwa na chuma, ambavyo mtoto anavivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo kila anapolala, mpaka afikishe miaka minne au mitano. Hebu fikirini tunamwomba mama nini. Tunamwomba kila usiku, kwa miaka minne, amvalishe viatu vya chuma mtoto ambaye miguu yake inaonekana haina tatizo lolote, analala naye kitanda kimoja, anamnyonyesha usiku, chuma kinawagonga wote wawili, baba anasema mtoto anateswa bure na jirani anasema mtoto huyu si amekwisha kupona? Miguu inayorudi kupinda, mara nyingi mno, ni ile ambayo viatu hivi viliachwa.

Kwa hiyo mimi siku ya plasta la mwisho siiruhusu ipite kwa pongezi tu. Habari za viatu huanza kusemwa tangu plasta la kwanza, si la mwisho, ili mzazi asidhani tumemwongezea mzigo wakati alitarajia kuachiliwa. Baba au mtu mwingine wa nyumbani anaombwa aje siku ya kuvalisha viatu kwa mara ya kwanza, avivalishe mwenyewe mbele yetu na kuvivua na kuvivalisha tena. Ngozi ya kisigino inaangaliwa baada ya siku chache, kwa sababu lengelenge moja dogo likipuuzwa linatosha kuvimaliza viatu. Tena mtoto wa viatu hapangiwi siku moja na umati wa watoto wapya. Anapangiwa siku ambayo mama atawakuta kina mama wenzake wa viatu, kwani mama wa mtoto wa miaka mitatu anayekimbia humshawishi mama mpya kuliko ninavyoweza mimi kwa saa nzima ya maneno.

Mtindio wa ubongo unataka kurudi kwa namna nyingine, iliyo ngumu zaidi, kwa sababu hapa hakuna siku ya kupiga picha.

Huu ndio ulemavu wa viungo unaowapata watoto wengi zaidi duniani, na hapa kwetu wengi wa tunaowaona ni wale waliochelewa kulia wakati wa kuzaliwa, waliozaliwa kabla ya wakati, waliopata manjano makali ya uchangani yasiyotibiwa mapema, au waliougua malaria kali ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Tukiwa na macho ya kuona, mtoto aliyepata shida wakati wa kuzaliwa anaweza kutambuliwa kabla hajatimiza miezi sita kwa kumtazama jinsi anavyojinyoosha na kuchezesha viungo vyake akiwa amelala chali. Lakini mara nyingi analetwa akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili, baada ya kuambiwa kwa miezi mingi kwamba watoto hawalingani, kwamba atasimama tu, subirini.

Wanapofika, swali ni moja: atatembea lini?

Namna mnavyolijibu swali hili ndiyo itakayoamua kama familia hiyo mtaiona tena. Niliwahi kuwasikia wenzetu wakijibu kwamba atatembea, mama afanye mazoezi kwa bidii tu. Wanajibu hivyo kwa huruma, naelewa. Lakini mama huyo atafanya mazoezi kwa bidii, mtoto hatatembea, na mama ataamua moja kati ya mawili: kwamba yeye hakufanya bidii ya kutosha, au kwamba sisi hatujui kazi. Akiamua la kwanza anavunjika moyo, akiamua la pili anahama, na safari ya kutoka hospitali hii kwenda ile, kwa mganga, kwenye maombezi, na kurudi hospitali nyingine, inaanza huku ng'ombe na viwanja vikiuzwa. Wengine huwajibu kwa ukali wa kinyume, kwamba mtoto huyu hatafanya chochote. Hilo ni baya zaidi, na pia si kweli.

Tunacho chombo cha kutusaidia kusema ukweli. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada, walichapisha mfumo wa makundi matano wa kuwapanga watoto wenye mtindio wa ubongo kufuatana na uwezo wao wa kujongea. Wa kundi la kwanza wanatembea na kukimbia wakiwa na upungufu mdogo, na wa kundi la tano wanahitaji kusaidiwa hata kuishikilia shingo. Tangu mtoto akiwa na miaka miwili hivi, kundi lake halibadiliki kwa urahisi. Maana yake ni kwamba ninaweza kukaa na mama huyu mahali penye faragha, mlango ukiwa umefungwa, na kumwambia kwa utulivu mtoto wake ana uwezekano wa kufika wapi, bila kumpa ahadi ya bure na bila kumfungia mlango. Ni mazungumzo ya ziara kadhaa, hayamalizwi siku moja. Siku ya kwanza huwa nasema machache na kusikiliza mengi, na jambo ninalohakikisha halikosekani ni kumwambia mama kwamba hakusababisha yeye. Laana haipo, wala si uzinzi uliofanywa wakati wa mimba. Ubongo ulikosa hewa, au uliumizwa na manjano, na hakuna mtu wa ukoo aliyeutenda uovu huo. Baba akiwepo namgeukia yeye ninaposema hivyo.

Kisha naeleza sababu ya kurudi, na sababu hiyo lazima iwe ya kweli hata kwa mtoto ambaye hatatembea kamwe. Ipo, tena ni nzito. Nyonga ya mtoto asiyesimama, yenye misuli iliyokakamaa upande mmoja na dhaifu upande mwingine, huhama polepole kutoka kwenye kikombe chake bila mtu kujua, mpaka siku inapoanza kumuuma kila anapobadilishwa nepi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kati ya watoto wote wenye mtindio wa ubongo asilimia 35 walikuwa na nyonga zilizohama. Katika kundi la kwanza hapakuwa na hata mmoja, na katika kundi la tano walifikia asilimia 90. Kwa hiyo wale ambao wahudumu wengi huwaona kama wamekwisha shindikana ndio wanaohitaji kupigwa picha ya eksirei ya nyonga kila baada ya miezi 6 hadi 12, ndio wanaohitaji kukalishwa vizuri, na ndio wanaokufa kwa nimonia kwa sababu wanalishwa wakiwa wamelazwa chali kichwa kikiwa nyuma. Kumfundisha mama kumlisha mtoto akiwa ameketi, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo na uji ukiwa mzito kiasi, ni fiziotherapia halisi, na yaelekea imeokoa maisha mengi kuliko zoezi lolote ninalolijua.

Sasa, tunampa nini cha kufanya nyumbani? Hapa nina msimamo ambao wapo wenzangu wasioupenda. Mazoezi kumi yaliyochorwa kwenye karatasi hayafanywi. Mama ana watoto wengine, ana shamba, ana biashara ya mboga, anachota maji. Ukimpa kumi atafanya mawili siku mbili, halafu ataona aibu kurudi kwa sababu hajafanya manane, na aibu ni sababu kubwa ya watoto kupotea kuliko tunavyopenda kukiri. Mimi nachagua mawili, na nayaweka ndani ya kazi anazozifanya tayari. Miguu inanyooshwa wakati wa kumwogesha na kumpaka mafuta, misuli ikiwa imelegea kwa maji ya vuguvugu. Shingo inafanyiwa kazi wakati mtoto amelazwa kifudifudi mapajani mwa mama anapochambua mboga. Mgongoni abebwe kama watoto wote wanavyobebwa, mapaja yakiwa yamepanuka yakikumbatia kiuno cha mama, na watoto wachanga wanaobebwa hivyo ndio ambao kuteguka nyonga kwa kuzaliwa ni nadra kwao. Sioni sababu ya kumtafutia mama kifaa kutoka nje kabla sijautumia mgongo wake vizuri.

Vifaa vikihitajika, fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha kona na fremu ya kusimamia ukimpa vipimo sahihi. Pale ambapo mbao ni ghali, ipo njia iliyoenea kutoka Zimbabwe ya kugandisha makaratasi na maboksi kwa gundi ya unga mpaka yawe kiti kigumu kinachomtosha mtoto huyo mmoja. Kigezo changu ni kama kiti hicho kitakaa mahali familia inapokula. Kiti kinachomweka mtoto chumbani peke yake hakimsaidii, hata kikiwa na pembe zote sahihi.

Na tusisahau bibi. Katika nyumba nyingi mwenye neno la mwisho juu ya mtoto ni mama mkwe, na kama hajaelewa, tunachomfundisha mama wa mtoto hakitapita mlangoni. Yeye ndiye anayejua desturi ya kumchimbia shimo mtoto asiyesimama na kumfukia mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu. Simkemei. Namsalimia shikamoo, namwita aje ziara ijayo, nautambua ukweli uliomo ndani ya desturi ile, kwamba mtoto kusimama wima ni jambo jema kwa mifupa na kwa matumbo, kisha namwonyesha fremu inayofanya hivyo bila kumwacha mtoto juani wala kuyabana magoti yake. Mabibi waliokubali hivyo wamekuwa wasimamizi wakali kuliko sisi, na mara nyingi ni wao wanaompeleka mtoto kliniki mama anapokuwa sokoni.

Kuhusu mkono uliolegea tangu kuzaliwa nitasema machache, kwa sababu tatizo lake ni moja tu, ni kuchelewa. Neva za shingoni zilivutwa wakati bega lilipokwama, na wengi wa watoto hawa hupona wenyewe katika miezi ya mwanzo, ikiwa viungo vyao vitachezeshwa kwa upole vibaki laini, hasa bega la kuzungushwa nje. Mtoto ambaye hajaanza kukunja kiwiko afikapo miezi mitatu apelekwe kwa daktari bingwa bila kusubiri. Kama wodi ya wazazi haituletei mtoto huyu ndani ya wiki za kwanza, basi ni sisi tunaopaswa kwenda wodi ya wazazi, na kazi hiyo ya kwenda ni ya mwandamizi.

Nimefika kwenye cheo hiki cha mwandamizi, ambacho baadhi yenu mtakifikia. Watu hudhani mwandamizi ni yule anayepelekewa watoto wagumu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuondoa vikwazo vya kurudi. Familia inayotoka kilomita 80 haiwezi kuja Jumanne kwa fiziotherapia, Alhamisi kwa daktari wa watoto na Ijumaa kwa fundi wa viungo bandia. Kupanga yote yafanyike siku moja kunataka mtu mwenye nafasi ya kuzungumza na wakuu wa idara nyingine, akazungumza nao tena wanaposahau. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana haki ya msamaha wa gharama kwa mujibu wa sera yetu ya afya, lakini akiisha kutimiza mitano, wakati matibabu yake yako katikati, mzazi anaanza kudaiwa dirishani na anakata tamaa kimya kimya. Lazima mmjue afisa ustawi wa jamii wa hospitali yenu kwa jina, mmjue mapema, mzazi asije akafika dirishani peke yake. Siku za kliniki zisigongane na siku ya gulio. Mama aliyechelewa kwa sababu gari la kwanza lilijaa asigombezwe mbele ya wenzake, kwani atakayegombezwa leo hatakuja tena, na atakayeumia ni mtoto.

Mwandamizi pia ndiye mwenye wajibu wa kusema basi. Zipo hali ambazo fiziotherapia haitaongeza kitu kwa sasa, na kumwita mtoto kila wiki ni kuitapanya nauli ya familia. Kijana mwenye mtindio wa ubongo wa kundi la pili, katika yale makundi matano, aliyeanza darasa la tatu hahitaji kuja kila mwezi. Anahitaji barua yetu kwa mwalimu wake, ieleze kwamba akae mbele, aruhusiwe kutoka mapema kwenda msalani, na ashirikishwe michezo. Tunamwambia mzazi arudi baada ya miezi sita, na katika kipindi cha kurefuka haraka, misuli inapoachwa nyuma na mifupa, arudi mapema zaidi. Kumpa mzazi tarehe ya mbali yenye sababu inayoeleweka humfanya aziheshimu tarehe zote, kwa kuwa ameona hatumwiti bure.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunalo ombi, nalo si la mashine. Tunaomba kliniki za watoto za hospitali za mikoa ziwe na simu ya kazi yenye salio la kudumu na mtu mmoja aliyepangiwa kuwapigia wazazi wa watoto waliokosa ziara kama sehemu ya kazi yake, na tunaomba orodha ya watoto waliokosa ziara ipelekwe kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata zao, kama inavyofanyika kwa chanjo. Wahudumu hao wanazijua nyumba hizo, na wanajua mtoto gani amefichwa chumba cha nyuma.

Kwenu wanafunzi, mtakapofika kwenye kituo chenu cha kazi, siku ya kwanza mtaonyeshwa chumba cha mazoezi, mipira na mikeka. Ombeni kwanza rejista. Fungueni kurasa za miezi mitatu iliyopita, andikeni pembeni majina ya watoto wote waliokuja mara moja au mbili na hawakuonekana tena, tafuteni namba za simu za wazazi wao, na kabla wiki haijaisha wapigieni mmoja mmoja. Msiwaulize kwa nini hawakuja. Jitambulisheni, mwulizeni mama Fulani hali ya mtoto, msikilize, kisha mkubaliane naye siku inayomfaa yeye.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.